Moto wa Tumbo Katika Baridi ya Makete

Ushauri mwingi wa afya unaotufikia kwenye simu umetungwa na watu wa joto. Amka unywe maji baridi yenye limao, mchana kula matango na saladi, achana na mafuta, usiku kunywa juisi ulale. Mkazi wa Kinondoni anaweza kuufuata asipate madhara makubwa. Mkazi wa Iwawa, makao makuu ya wilaya ya Makete, akiufuata mwezi wa Julai, wakati nyasi za asubuhi zimekuwa nyeupe kwa jalidi na upepo unateremka kutoka uwanda wa Kitulo, atashinda anatetemeka, choo kitakuwa kigumu na tumbo litajaa gesi.

Ayurveda, elimu ya kale ya afya kutoka India, ingemwambia mtu huyo kinyume kabisa. Charaka Samhita, kitabu chake mama chenye umri wa karibu miaka 2,000, kinaeleza kwamba msimu wa baridi unapoubana mwili, joto hurudi ndani na moto wa kumeng'enya chakula huwaka kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Moto huo usipopewa kuni za kutosha, huanza kuuteketeza mwili wenyewe. Kwa hiyo kipupwe ni msimu wa kula vya moto, vyenye mafuta, vitamu, vyenye chumvi na uchachu kidogo. Waliokuwa wakifundisha haya waliijua baridi ya kaskazini mwa India, chini ya milima ya Himalaya. Iwawa iko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mafundisho yao ya baridi yanaikaa vizuri kuliko yanavyoukaa mji wowote wa pwani yetu.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayeishi Makete, au Njombe mjini, au uliyetoka Dar es Salaam kwenda kumsalimia bibi na kukuta wenyeji wamevaa makoti mazito mchana kweupe. Huhitaji kununua kitu chochote kutoka India.

Kwanza, namna ya kupima

Ayurveda husema mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Vata ni ya mwendo, na sifa zake ni ubaridi, ukavu, wepesi na upepo. Pitta ni ya joto na ukali. Kapha ni nzito, ya unyevu na utulivu. Wazee wa pwani waliosoma tiba ya Kiarabu wana hesabu inayofanana nayo kwa mbali: damu, balghamu, safura na sauda. Maabara za leo hazijawahi kuzithibitisha nguvu hizi, nami sikuombi uziamini kama unavyoamini kipimo cha malaria. Zichukulie kama lugha ya kutaja sifa za mahali, za mwili na za chakula kwa pamoja, kisha uone kama inakusaidia kuamua upike nini leo.

Itumie kwa Iwawa. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni baridi, kavu na ina upepo. Hiyo ni vata tupu. Midomo inapasuka, visigino vinachanika, magoti ya wazee yanalia, usingizi unakatika saa tisa usiku. Kanuni ya elimu hii ni moja tu: sifa hutulizwa kwa sifa iliyo kinyume chake. Baridi hutulizwa kwa moto, ukavu kwa mafuta na mchuzi, wepesi kwa chakula kinachoshibisha, na kuyumbayumba kwa ratiba isiyobadilika.

Sasa hapa watu wengi wanapotea. Wanapata orodha ya vyakula vya Ayurveda mtandaoni, wanaona choroko, nazi na mchele wa basmati, wanadhani ndipo mambo yalipo. Orodha ile ilitungwa kwa ajili ya mashamba ya watu wengine. Viazi mviringo, mahindi, maharage, nyanya, pilipili kali na parachichi vyote asili yake ni bara la Amerika, na Charaka hakuwahi kuviona. Ukifungua kitabu chake ukitafuta kiazi, hutakipata. Unachopata ni maswali ya kukiuliza kiazi: ni kizito au chepesi? Kikavu au kina mafuta? Kinapoa au kinapasha? Kikishuka tumboni kinakufanya ujisikieje saa mbili baadaye? Maswali hayo ndiyo ya kuchukua.

Viazi, njegere, ngano

Kiazi cha Makete kinajulikana nchi nzima, na nyumbani kwake huliwa asubuhi, mchana na jioni. Kwa kipimo cha Ayurveda, kiazi kilichochemshwa kikaliwa na chumvi pekee ni kikavu, kinaleta gesi, na mtu mwenye tumbo la kusokota kitamsumbua. Kiazi kilekile ukikipika kwenye mchuzi, ukatia samli au parachichi, tangawizi na binzari nyembamba, kinabadilika tabia. Huna sababu ya kukiacha. Usikile kikavu, basi. Chipsi sizihesabu kama tiba ya ukavu, maana mafuta yanayochemshwa mara kwa mara kutwa nzima ni mazito kwa tumbo la yeyote. Na kiazi kilichogeuka kijani au kuota machipukizi kina sumu, kiweke kando kwa ajili ya mbegu.

Njegere na maharage yanahitaji akili zaidi, kwa sababu ya mahali unapoishi. Kwenye mwinuko wa meta 2,000 maji huchemka yakiwa na nyuzijoto kama 93, hayafiki 100 kama yanavyofika Tanga. Ndiyo maana maharage yanayoiva kwa saa moja na nusu bondeni hukaa jikoni Iwawa hadi kuni zinakwisha. Mpishi aliyechoka huyaepua yakiwa nusu mabichi, na tumbo la familia linalipa. Fanya hivi: loweka tangu jioni, asubuhi mwaga yale maji, osha, weka maji mapya, chemsha kwa nguvu bila mfuniko ukiondoa povu, ndipo upunguze moto. Maharage mekundu yasipochemka sawasawa yana kitu kinachotapisha na kuharisha, kwa hiyo usiyapike kwa moto mdogo tangu mwanzo. Tia kipande cha tangawizi tangu awali, chumvi mwishoni. Wahindi huongeza mvuje kidogo sana, ule utomvu wenye harufu kali ambao pwani watu huufukiza zaidi ya kuula. Ukiupata, sawa. Usipoupata, binzari nyembamba iliyokaangwa kwenye samli inatosha.

Ngano ndiyo nafaka ambayo vitabu vya kale vinaisifu kwa msimu wa baridi, kwa kuwa ni nzito na inajenga mwili, na Makete inaistawisha. Kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya ngano tunayokula imekobolewa ikawa nyeupe na kuishia kwenye maandazi. Ukiweza kusagisha ngano yako nzima, pika chapati laini za maji ya moto, au uji mzito wenye maziwa na iliki. Ugali wa ulezi nao, ukiliwa na mboga yenye mchuzi, unakaa vizuri tumboni. Ulezi ukiliwa mkavu na kipande cha nyama choma, utalilia maji usiku kucha.

Chakula kimoja cha kuanzia

Kama utajaribu kitu kimoja tu kutoka humu, jaribu hiki. Wahindi hukiita kichdi, ni wali na dengu vilivyopikwa pamoja hadi vikalainika, na Ayurveda humpa chakula hiki mgonjwa, mzee, mama aliyejifungua na mtu aliyechoka na safari. Hapa tunatumia mali ya Makete.

Loweka kikombe kimoja cha njegere kavu usiku kucha. Asubuhi zichemshe hadi zianze kupasuka, yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Ongeza kikombe kimoja cha mchele uliooshwa, viazi viwili vilivyokatwa vidogo, karoti moja, nusu kijiko cha chai cha manjano, na tangawizi iliyopondwa ya ukubwa wa kidole gumba. Maji yawe mengi, vikombe sita hivi, na uongeze ya moto kadiri yanavyokauka. Acha vichemke polepole mpaka vishikane kama uji mzito. Karibu na kuepua tupia majani ya mnafu au chainizi yaliyokatwa, na chumvi. Pembeni, pasha vijiko vinne vya chai vya samli, tia kijiko cha chai cha binzari nyembamba nzima, na ikianza kurukaruka na kunukia, ongeza pilipili manga iliyotwangwa kisha umimine vyote juu ya sufuria. Funika dakika tano. Kinatosha watu wanne, na kiliwe cha moto, siku hiyohiyo.

Manjano yanahitaji mafuta na pilipili manga ili mwili uyapate vizuri. Wapishi wa India walikwisha kufanya hivyo karne nyingi kabla watafiti hawajapima. Ila nunua mizizi mizima, ukaushe na utwange mwenyewe. Nchini Bangladesh watafiti walikuta unga wa manjano ukipakwa rangi yenye risasi ili ung'ae, na unga uliosagwa tayari huwezi kuujua kwa macho umechanganywa na nini. Tangawizi haina shida, magari ya kutoka Madaba yanaileta Njombe. Pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini utavikuta sokoni Makambako, ambako barabara ya Songea inakutana na ile ya Mbeya na treni ya TAZARA inasimama. Kidogo kidogo vinafika hadi maduka ya Iwawa.

Samli na maziwa

Samli ndiyo mafuta ambayo Ayurveda inayaheshimu kuliko yote ya kula. Hapa penye ng'ombe wa maziwa, na shamba la mifugo la Kitulo likiwa juu yetu, ni ajabu kuona watu wanakwenda dukani kununua mafuta magumu ya mimea yaliyoandikwa samli. Hayo ni kitu kingine. Kusanya utando wa maziwa yaliyochemshwa kwa siku kadhaa mahali pa baridi, ugandishe kwa maziwa mtindi kidogo, sukasuka kwenye kibuyu au chupa ya mdomo mpana hadi siagi ijitenge. Ioshe kwa maji safi, kisha iyeyushe kwa moto mdogo. Itatoa povu, itapiga kelele, halafu itanyamaza na mashapo ya chini yatakuwa ya kahawia. Hapo epua haraka na uchuje kwa kitambaa kwenye chupa kavu kabisa. Inadumu miezi bila friji.

Kipimo ni kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa kila mlo mkuu. Aliyelima tangu asubuhi anaweza kula viwili. Mwenye presha, kisukari, moyo au uzito uliopita kiasi asijiongezee samli kwa sababu amesoma makala. Huyo kwa lugha ya Ayurveda ana kapha ya kutosha, na kwake tangawizi, mboga chungu na kutembea vinafaa zaidi.

Maziwa yachemshwe daima. Ayurveda inasema hivyo kwa sababu ya wepesi wa kumeng'enywa, daktari wa mifugo atasema hivyo kwa sababu ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na wote wawili wana haki. Jioni ya baridi, kikombe cha maziwa yaliyochemka na tangawizi, manjano kidogo na pilipili manga punje mbili kinasaidia usingizi kuliko chai ya rangi yenye sukari vijiko vinne. Ukitaka asali, subiri maziwa yapoe mpaka uweze kuyanywa, maana Ayurveda inakataza asali isichemshwe. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulambishwa, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvishinda.

Mwaka wa Iwawa

Wahindi huhesabu misimu sita. Sisi tuna mitatu hivi ya kufanyia kazi.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, nimeshakieleza: ndio wakati wa kula vizuri. Wanaotaka kufunga ili kupunguza mwili wachague msimu mwingine. Epo na peasi za Makete ukizipata msimu huu usizile za baridi asubuhi tumbo likiwa tupu. Zikate, zichemshe na maji kidogo, karafuu mbili na mdalasini, ule za moto. Mzee mwenye choo kigumu atakushukuru.

Septemba na Oktoba jua linarudi. Vitabu vinasema mafuta na uzito uliokusanywa wakati wa baridi sasa unayeyuka, ndiyo maana mafua na makohozi huwa mengi. Punguza samli, punguza maziwa usiku, ongeza mboga chungu kama mnafu, kula ulezi zaidi ya ngano. Huu pia ndio muda wa kutumia asali kwa maji ya vuguvugu.

Mvua ikianza Novemba, mambo yanageuka. Watu wengi hudhani baridi ya masika ni sawa na ya kipupwe, kwa hiyo wanaendelea kula mizigo. Ayurveda inasema wakati wa mvua moto wa tumbo hulegea kama kuni mbichi. Ndio msimu wa supu, wa uji mwepesi, wa nafaka ya mwaka jana badala ya mahindi mabichi, na wa kunywa maji yaliyochemshwa tu. Vitabu vinakataza maji ya mto katika miezi hii. Maji ya mvua yanayoshuka milimani hupita chooni, zizini na shambani kabla ya kufika kwenye chemchemi yako, kwa hiyo hata asiyeijua Ayurveda ana sababu ya kuchemsha.

Na kwa kuwa masika ndiyo huleta ulanzi, pombe ya mianzi, nao nisiuruke. Vitabu vya kale havikukataza kileo kwa kila mtu. Vina sura nzima juu yake, na sharti linalorudiwa ni kunywa kidogo, baada ya kula chakula chenye mafuta, katika kundi zuri. Mtogwa, yaani ulanzi mbichi wa asubuhi, ni mtamu na mwepesi. Ule uliokaa hadi ukakolea, ukinywewa tangu saa nne asubuhi bila chakula, unachoma tumbo na unaondoa mlo wa watoto mezani. Mengine mchungaji wako atakuambia.

Siku moja

Amka kabla ya jua. Sukutua, kisha kwangua ulimi kwa ukingo wa kijiko kuanzia nyuma kuja mbele. Ule utando mweupe ukiwa mzito, Ayurveda husema chakula cha jana hakijamalizika, kula kidogo asubuhi hiyo. Kunywa kikombe cha maji ya moto polepole.

Sasa mafuta ya mwili. Hili ndilo zuri kuliko yote kwa nchi ya baridi, na ndilo watu hulidharau. Chukua mafuta ya ufuta, au ya alizeti kama hayo ndiyo yaliyopo, weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate vuguvugu. Jipake mwili mzima, ukisugua mikono na miguu kwa mivuto mirefu na viungo kwa mzunguko. Subiri robo saa, ukiwa umevaa nguo kuukuu, kisha oga maji ya vuguvugu. Maji ya moto sana usijimwagie kichwani. Mwenye homa, au ambaye hajameng'enya chakula, asijipake. Kama asubuhi haina nafasi kwa ajili ya shule na shamba, jipake miguuni tu usiku, vaa soksi, ulale.

Kazi ya mwili Ayurveda inaitaka hasa wakati wa baridi, hadi nusu ya nguvu zako, dalili yake ikiwa jasho la kipaji na pumzi kuanza kupitia mdomoni. Mkulima wa hapa hahitaji kuambiwa hilo. Anayekaa ofisini pale makao makuu ya wilaya ndiye anayehitaji, na vilima haviko mbali. Kulala mchana katika kipupwe wanakataza.

Mlo mkubwa, wanasema, uwe mchana jua likiwa juu. Kwa mtu wa shamba hii ni ngumu. Anatoka asubuhi na chai na viazi viwili, anarudi saa kumi na moja, na anakula ugali mkubwa saa mbili usiku kisha analala juu yake. Nisingependa kukuuzia ratiba ya mtu mwenye mpishi. Beba makande kwenye chombo kinachohifadhi joto, kula katikati ya kazi ukiwa umekaa, na chakula cha usiku ukipunguze kidogo na kukivuta kiwe kabla ya saa moja na nusu. Kula bila haraka na bila kubishana. Tumbo, kwa kipimo cha Vagbhata, mwandishi mwingine wa kale wa Ayurveda, lijazwe nusu kwa chakula, robo kwa kinywaji, na robo ibaki wazi.

Usiku watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Joto ni jambo jema, lakini mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Pasha chumba, kisha toa jiko nje kabla ya kulala, na dirisha liachwe na upenyo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inatosha kitandani.

Sahani ya mtoto

Mkoa wa Njombe unalisha miji, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Njaa haitoshi kueleza jambo hilo. Sehemu ya sababu iko kwenye sahani: ugali na mchuzi wa kabichi, leo, kesho na keshokutwa, mara mbili kwa siku, huku mama akiwa shamba.

Hapa kanuni ya ladha sita ina kazi. Ayurveda hutaka mlo uwe na kitamu, kichachu, chenye chumvi, kikali, kichungu na kikakasi. Ukiitafuta kweli, utalazimika kuweka sahani moja nafaka au kiazi, kipande cha limao au nyanya, chumvi, tangawizi, majani ya mnafu, na njegere au maharage. Bila kujua utakuwa umepata makundi karibu yote ya chakula ambayo mhudumu wa kliniki ya watoto huhubiri. Mtoto mdogo mwache na titi la mama peke yake hadi miezi sita. Mila ya Kihindi nayo humlisha nafaka ya kwanza karibu na umri huo. Kisha viazi vilivyopondwa na maziwa na yai, parachichi lililoiva, uji wa ulezi na ngano wenye kijiko cha samli, njegere zilizopondwa na kuchujwa maganda. Kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Pilipili na tangawizi kali za nini kwa mtoto? Binzari nyembamba kidogo inatosha.

Mahali pa kusimama

Kula kwa kanuni hizi ni jambo moja, kumeza dawa za Ayurveda za vidonge na unga ni jingine, na hapo mimi nakataa kabisa usijaribu bila mtaalamu. Baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa madini yaliyochomwa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Anayekuuzia kopo mnadani hana maabara. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muulize muuzaji namba ya usajili, uone uso wake unavyobadilika.

Jambo la pili linahusu Njombe hasa. Kwa utafiti wa 2022–2023, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanane mkoani anaishi na VVU. Kama wewe ni mmoja wao, chakula cha moto chenye samli, njegere na maziwa kitakusaidia kubeba dawa, wala hakitachukua nafasi ya dawa. Tunakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na baadhi ya waliorudi wakaacha dozi. Tena, vidonge vya lishe au dawa za asili zenye chuma, kalsiamu au magnesi vinaweza kuizuia dolutegravir, dawa ya VVU, isiingie mwilini vikimezwa pamoja nayo, kwa hiyo mwambie mhudumu wa kliniki ya VVU (CTC) kila kitu unachotumia akupangie saa za kuvitenganisha. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Vidonge vyake vilivyokolezwa ndivyo vya kuuliza kwanza.

Mjamzito ale kila kilichoandikwa hapa kama chakula, asinywe mizizi ya kuchemsha. Na ukiona damu kwenye choo, kukonda bila sababu, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, au mtoto anayeharisha na macho kuzama ndani, acha tangawizi mezani uende hospitali ya wilaya au ya Ikonda siku hiyohiyo.